Swali la Baada ya Chakula

Watu walidhani baba ndiye aliyekuwa akinipeleka kliniki. Mama alijua, na mimi nikajua mapema kuliko inavyomfaa mtoto kujua, kwamba ni mimi niliyekuwa nikimpeleka yeye. Asubuhi ya siku ya kliniki mama alinivalisha sweta mbili na kofia ya uzi aliyoifuma mwenyewe, kisha akainama na kuninong'oneza sikioni: "Usimwache baba yako aende mahali peke yake. Hata akienda choo, msubiri nje." Nilikuwa na miaka sita, magoti yangu yalivimba kila baridi ilipoingia, na tayari nilikuwa nimepewa mtu mzima wa kuchunga.

Tuliishi Kitengela, miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga. Haikuwa Kitengela hii ya maghorofa na mabango ya ploti. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, vumbi jeupe kutoka machimbo ya mawe, na nyuma ya nyumba yetu ya kupanga nyika tupu, ambako nyumbu walikuja kula hadi karibu na kamba zetu za nguo. Wazazi wangu walitoka magharibi, kule karibu na ziwa. Walifuata mshahara. Baba alifanya zamu ya usiku kiwandani, mama alifundisha shule ya msingi. Kwa hiyo mchana baba ndiye aliyekuwa na nafasi, na kliniki ilikuwa mchana.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Alikufa kabla hajatimiza miaka mitatu. Alikuwa na joto mwilini kwa siku kadhaa, akakataa chakula, jioni moja akala vizuri, na kesho yake akafia njiani kuelekea hospitali, mikononi mwa baba. Tulisema ni malaria. Kwetu kila mtoto anayekufa amekufa kwa malaria hadi mtu aje na ushahidi mwingine.

Tulimzika nyumbani magharibi. Nakumbuka wanawake wakimzunguka mama kwenye mikeka, wakilia naye, wakimnywesha uji, wakilala naye chumba kimoja. Nakumbuka pia wanaume wakimpa baba mkono na kazi. Jeneza lilikuwa lake, sukari ilikuwa yake, hema lilikuwa lake, ng'ombe wa kuchinjwa alikuwa wake. Kila aliyempita alimwambia, "Kaza roho. Wewe ni mwanaume." Hadi leo nikimsikia mtu akimwambia mfiwa akaze roho, natamani kumuuliza inakazwa kwa spana ya saizi gani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini kwetu kila aliyesimama nje ya kaburi ana ushauri wa kutoa. Baba aliitikia, "Asante, asante," akaenda kuuliza kama sukari imetosha.

Tuliporudi Kitengela alikuwa mtu mwingine. Hakupiga kelele wala hakulewa. Ningependelea angelewa, maana walevi tuliwajua na tulijua la kufanya nao. Aliacha tu kunigusa. Nikimkimbilia mlangoni alinipa mfuko wake niubebe, mikono ikawa na kazi, mambo yakaishia hapo.

Na aliacha lile swali lake. Zamani, nyumbani kwetu, mtoto hakuondoka mezani hadi baba aweke kiganja tumboni mwake, apigepige kama anayekagua tikiti maji sokoni, na aulize, "Umeshiba?" Tumbo likiwa bado laini alichomoa kipande cha samaki kwenye sahani yake akakupa. Babake alimfanyia hivyo, na babu yake pia. Tulikuwa tukilivuta tumbo ndani makusudi ili tupate samaki wake, naye alijua, na alitoa hivyo hivyo. Baada ya mazishi alikula haraka haraka, akainuka kabla hatujamaliza, akatoka nje kusimama. Sikuulizwa tena kama nimeshiba. Nilihitimisha, kwa akili yangu ya utotoni, kwamba mtoto aliyempenda ndiye aliyekufa, na mimi nilikuwa chenji iliyobaki. Iliniuma kuliko magoti.

Magoti nayo hayakunyamaza. Nilipelekwa Nairobi, damu ikatolewa, na ndipo ugonjwa ukapata jina: selimundu, maradhi ya damu. Daktari akaeleza kwamba mtoto huipata kutoka kwa baba na mama, wote wawili, na kwamba yawezekana hata mdogo wangu alikuwa nayo. Mama anasema baba alisikia nusu tu ya maelezo yale. Alisikia kwamba inatoka kwake. Ile nusu ya mama hakuisikia kabisa.

Baada ya hapo akaanza kuchelewa kurudi kutoka zamuni. Jirani mmoja wa kanisani alimwona machimboni, amesimama kwenye ukingo wa shimo, anatazama chini, mfuko wa chakula mkononi. Alimwita, naye akageuka akamsalimu vizuri, akauliza habari za watoto. Yule jirani alikuja kumwambia mama, sauti imeshuka, nami nilikuwa chini ya meza nacheza. Mama hakulia. Alimshukuru, akamsindikiza hadi nje, na kuanzia juma lile baba hakwenda mahali mchana bila mimi.

Kliniki yenyewe ilikuwa Kajiado, ya misheni, siku moja kila mwezi kwa watoto wenye maradhi yasiyoisha. Ilisimamiwa na sista mmoja, mama wa Kimaasai, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Benchi lote lilikuwa la akina mama. Baba alikaa mwishoni, magoti pamoja, kofia yake mapajani. Sista alifungua mafundisho ya asubuhi kwa kusema, "Hamjambo akina mama. Na wewe mama mwenye ndevu, hujambo?" Benchi zima likacheka. Baba akacheka kwa mdomo tu.

Siku ya kwanza watoto wa Kimaasai walimjia mmoja baada ya mwingine, wakasimama mbele yake wameinamisha vichwa. Alirudi nyuma kidogo, nadhani aliogopa watampiga kichwa cha tumbo.

"Waguse kichwa, mzee," sista alimwambia. "Wanakusalimia. Utawaacha wasimame hivyo mpaka jioni?"

Baba hakuwa na mvi hata moja, lakini kwa watoto wale alikuwa mzee, na mtoto hamsalimii mzee kwa mkono. Huinama, naye huwekewa kiganja kichwani. Baba aliwagusa kwa ncha za vidole, haraka, kama anayepima joto la sufuria. Mimi niliketi kando nikihesabu wivu wangu. Watoto wa watu waliguswa. Kwetu sisi mtoto husalimia kwa mkono, na mkono wenyewe siku hizo ulikuwa umejaa mfuko.

Sista alinipima, akaangalia macho na kucha, akauliza kama nakunywa maji mengi. Kisha akamgeukia baba.

"Na wewe, unalala?"

"Mimi niko sawa, sista. Mgonjwa ni huyu."

"Sijauliza kama uko mgonjwa. Nimeuliza kama unalala."

"Mimi hufanya kazi usiku."

"Na mchana?"

Baba akatazama kofia yake.

"Basi leo wewe utaonekana mwisho," sista akasema. "Kaa hapo. Mtoto atakunywa chai na askari."

Ikawa hivyo kila mwezi. Mimi niliwekwa kwenye kibanda cha askari na kikombe cha chai ya maziwa, jicho langu kwenye mlango uliofungwa, maana nilikuwa kazini. Sijui walichozungumza. Najua siku ile ya kwanza alitoka amekasirika. Njiani alisema, "Huyu mama anafikiri mimi ni mwendawazimu. Ananiuliza kama nasikia njaa!" Lakini mwezi uliofuata alijitayarisha kabla yangu, akapiga viatu rangi.

Mambo yaliharibika msimu wa baridi ulipofika, siku wazazi walipofundishwa kukagua bandama. Sista alimlaza kila mtoto kitandani, akauchukua mkono wa mama yake na kuuweka mahali panapohusika. Zamu yetu ilipofika, baba alitia mikono mfukoni.

"Nitamwelezea mama yake," alisema.

"Mama yake hayuko hapa. Uko wewe."

Alimchomoa mkono mfukoni kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, taratibu lakini bila kubembeleza, akauweka upande wangu wa kushoto, chini ya mbavu. Ulikuwa baridi.

"Hapa ndipo bandama iko. Leo huisikii, hiyo ni sawa. Lakini kwa hawa watoto, damu inaweza kujaa ndani yake ghafla. Itashuka mpaka hapa, iwe ngumu. Mtoto anapauka, analegea. Ukiisikia, usingoje kesho, mkimbize hospitali. Na usidanganyike. Ukigusa haraka haraka utafikiri tu mtoto ameshiba."

Mkono ukaondoka tumboni mwangu. Nilifungua macho nikaona uso wa baba, na sikuujua. Akasema, "Samahani," kwa sauti ya kawaida kabisa, akatoka.

Nilikuwa na fulana tu na kofia. Hadi nivalishwe sweta, alikuwa ameshapotea nje ya geti.

Sista alimtuma askari, kisha akamtuma mfagiaji upande wa sokoni. Akina mama wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nilikaa pale mwishoni mwa benchi, mahali pake, na kofia yake ambayo aliisahau. Mchana ulipopinda tulisikia honi ya treni inayotoka Magadi, na sista, aliyekuwa akipanga dawa, aliacha akaenda kusimama mlangoni. Alisimama pale hadi mabehewa yote yakapita. Midomo yake ilikuwa ikisogea.

"Ni mimi nimemwacha," nikamwambia. "Mama alisema nisimwache."

Aligeuka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, mama mrefu vile.

"Nani amekupa hiyo kazi? Wewe ni mtoto. Kumchunga baba yako si kazi yako. Ni yangu, na hata mimi amenipita mlangoni nikiona."

Ndipo nikalia, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kazi.

Baba alirudi jua likiwa bado juu ya vilima, askari akimfuata nyuma kwa heshima. Viatu vile alivyovipiga rangi vilikuwa vyeupe kwa mavumbi ya kando ya reli. Alisimama ndani ya mlango kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa bado pale na watoto wake, wakingoja watu wao waliopeleka ng'ombe mnadani. Watoto wale hawakujua lolote. Walimwona mzee ameingia, wakaenda wakainamisha vichwa, na baba, akili yake iko mbali, akaanza kuwagusa mmoja baada ya mwingine.

Sijui ni nini kilinisimamisha. Nilikwenda nikajipanga mwisho wa mstari, mtoto wa watu wa ziwa, nikainamisha kichwa changu kama Mmaasai.

Kiganja kikashuka. Kikakuta uzi wa kofia ya mama. Kikasimama. Nikajua amenitambua, na nikangoja kiondoke. Hakikuondoka. Kilizidi kuwa kizito, vidole vikashuka hadi sikioni, na mimi sikuinua kichwa hadi shingo ikaniuma, kwa sababu niliogopa nikiinua atakumbuka kwamba hanigusi.

"Haya," sista akasema hatimaye. "Njoo ndani tumalize somo."

Tangu siku ile alinikagua kila siku, asubuhi akirudi na jioni kabla ya kwenda zamuni. Alifanya uso umeelekea ukutani, macho amefumba, kama mtu anayeng'olewa jino. Nisieleweke kwamba alikuwa amepona. Sista alimpeleka kwa daktari wa akili Nairobi, akapewa vidonge alivyovificha ndani ya mkebe wa majani ya chai, maana Kitengela ya wakati ule mwanaume akimeza dawa ya namna ile angekuwa kichekesho hadi kiwandani. Kulikuwa na asubuhi ambazo hakuweza kuinuka. Hata asubuhi hizo alinyoosha mkono kutoka kitandani, nami nikaenda nikajisogeza chini yake.

Mvua za masika za mwaka uliofuata zilikuwa zimeisha baba aliporudi siku moja na kunikuta nimelala kwa jirani. Mama alikuwa ameshakwenda shule. Niliamka nikihisi kiu na uzito, nikaona midomo ya baba ikisogea bila sauti. Mkono wake ulikuwa tumboni mwangu, na ulikuwa umeshuka chini kuliko siku zote. Akabonyeza tena. Alinibeba. Nakumbuka koti lake la kiwandani, harufu ya saruji, na moyo wake ukinipiga shavuni. Alisimama katikati ya barabara ya Namanga na kulisimamisha lori la mawe, na dereva, ambaye nadhani alitaka kumtukana, aliniona akafungua mlango.

Yaliyobaki niliyasikia baadaye: kwamba nilifika Nairobi nikiwa mweupe kama chaki, kwamba damu ilipatikana, kwamba daktari alimuuliza baba nani amemfundisha kutambua mapema vile. Ninalolikumbuka mwenyewe ni alasiri ya wodini, mama amefika na vumbi la chaki bado mkononi, wao wawili kando ya kitanda changu wakidhani nimelala.

"Nimeijua kwa mkono," baba alisema. "Ilikuwa ngumu hivi. Kama ya yule."

Mama akamgeukia.

"Ile jioni alikula. Alikuwa amekataa chakula, halafu akala. Nikamshika tumbo nikapata limekazana. Nikakuita jikoni, nikakuambia, leo ameshiba. Nilicheka, mama watoto. Mtoto anakufa kwa mkono wangu, na mimi nacheka."

"Ulinishika mkono ukaniwekea pale," mama akasema polepole. "Umesahau? Hata mimi niliigusa. Hata mimi nilifurahi. Miaka yote hii ulikuwa unabeba hii kitu peke yako, na mimi niko ndani ya nyumba?"

Baba akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia mwanaume akilia, na niliogopa, sauti ilikuwa ya mnyama. Wodi ile ilijaa akina mama. Hakuna aliyemwambia akaze roho. Mmoja aliyekuwa karibu alisogea akampisha nafasi kwenye benchi, akaendelea kumnyonyesha wake.

Natamani niandike kwamba baada ya hapo nyumba yetu ilijaa kicheko. Haikujaa. Baba aliugua ule ugonjwa wake kwa vipindi hadi miaka ya elfu mbili na baadaye, kama nilivyougua wangu. Nyumbu waliondoka, maghorofa yakaja, nami nikawa nakwenda kliniki peke yangu. Yeye pia aliendelea kwenda, kwa sababu sista, kabla ya kustaafu, alimwomba awe anakaa na akina baba wapya. Walikuwa wachache, na wengine walikuja mara moja tu. Alikaa nao mwishoni mwa benchi. Nilimsikia akimuuliza mmoja wao, kijana mwenye mtoto mgongoni, "Na wewe, unalala?"

Lakini ninaporudi nyuma, hurudi kwenye jioni niliyotoka hospitali. Mama alipika ugali na samaki wa kutoka nyumbani, na majirani walikuwa wamenilisha tangu mchana, mayai, uji, ndizi, kila mmoja na chake. Nilikuwa nimejaa hadi kooni. Baba alikula haraka kama kawaida, akainuka, akafika mlangoni. Tulimwona mgongo. Mama alikuwa ameshika tonge na hakulitia mdomoni.

Akarudi. Alipiga goti kando ya kiti changu na kuweka kiganja tumboni. Kilikuwa baridi vile vile.

"Umeshiba?"

Nilimtazama usoni, na nikaona ni jibu lipi ambalo asingeweza kulibeba. Nikalivuta tumbo ndani kwa nguvu zangu zote ili akute laini.

"Bado, baba."

Alishusha pumzi. Akanyoosha mkono kwenye sahani yake, akachagua kipande kisicho na miba, akanipa. Nikala chote.